Redio ikimpoteza kijana, imempoteza na baba yake

Kila mwaka tarehe 13 Februari, Siku ya Kimataifa ya Redio, kuna neno moja ambalo haliwezi kukosa kwenye mikutano ya waandishi wa habari huku kwetu Kivu: eti vijana wa leo hawasikilize tena redio, beko kwenye telefone tu. Watu wanatikisa kichwa, wanapiga picha ya pamoja, kiisha kila mutu anarudi kwake.

Mimi naona ile neno ni kweli nusu. Telefone, ndiyo. Lakini kusema hatusikilize? Angalia kijana wa Bukavu ao wa Goma anangojea moto kando ya barabara. Anasikiliza audio za WhatsApp moja nyuma ya ingine, zingine za dakika tano nzima. Pengine tunasikiliza hata kuliko wazazi wetu. Tuliacha saa ya redio na kile chombo chake, lakini sauti ya mutu anayeongea lugha yetu bado tunaipenda sana.

Na kuna jambo ambalo redio nyingi hazijapima uzito wake. Zamani redio ilikuwa ya baba. Yeye njo alinunua betri, yeye njo alichagua saa, na nyumba yote ilisikia kile alisikia. Leo telefone yenye intaneti iko mkononi mwa kijana. Mama akitaka kujua kama soko imefunguliwa ao barabara imekatika, anaita mtoto: "Angalia kwa telefone yako, banasema nini?" Kijana amekuwa antena ya nyumba. Redio isipomfikia yeye, na baba yake mwenye jembe hatajua kitu.

Nitatoa mfano kwenye kazi yangu ya agronomia. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba, ule watu wengi wanaita wilt, ulionekana Masisi mwaka 2001, kiisha ukaenea Kivu yote. Mwanzoni mkulima aliambiwa ang'oe shina lote pamoja na vichipukizi vyote. Ilikuwa kazi ngumu sana, na familia ilibaki bila ndizi kwa muda mrefu. Baadaye watafiti, hata hapa Kivu, walionyesha njia nyepesi: kata mgomba ule mgonjwa peke yake, chini kabisa kwenye udongo, upesi, na urudie kupita shamba kila mara. Safisha panga kwa moto ao kwa javeli. Ondoa ua dume kwa kijiti chenye panda, ju wadudu njo wanaleta ugonjwa pale. Na dawa ya kuponya mgomba uliokwisha kushikwa, hakuna.

Basi ushauri ulibadilika. Nani ataufikisha kijijini? Emisiyo ya kilimo inapita mara moja kwa juma, kwa saa ambayo kijana yuko njiani ao amelala. Ukiikosa, imekwenda. Unafungua ukurasa wa redio kwenye Facebook, unakuta picha ya viongozi wamekaa kwenye atelye, chupa za maji mbele yao, mistari tatu ya Kifaransa, kiisha linki. Wengi wetu tunanunua forfe ndogo ya siku, ingine ya WhatsApp pekee. Ile linki haifunguke.

Wakati ule ule, audio ya mutu asiyejitaja jina inatembea. Anaongea Kiswahili kizuri, polepole, anasema iko na dawa ya kumwanga kwenye shina, bei hii na hii. Asubuhi moja imepita kwenye grupu kumi, na mzee anauza kuku ju ya kununua maji yenye rangi.

Yule mutu alishinda redio kwa silaha ya redio yenyewe: sauti, lugha ya nyumbani, jambo moja kwa mara moja. Radio Okapi ilipoanza mwezi wa pili 2002, ilichagua Kifaransa, Kilingala, Kiswahili, Kiluba na Kikongo, ju ilijua Mukongomani anataka kusikia habari kwa lugha yake. Sasa kwa nini redio za kwetu zikiingia kwenye telefone zinageuka kuwa karatasi ya ofisi? Zingine zinakimbilia upande mwingine: muziki, vichekesho, kucheza, eti njo vijana wanapenda. Kijana mwenye migomba inakauka hana haja ya mutu wa kumuchezea.

Kuna na jambo la kujibu. Huku kwetu tulikuwa na vilabu vya wasikilizaji: watu wa kijiji wanakaa pamoja, wanasikiliza emisiyo, wanajadili, kiisha mawazo yao yanarudi kwenye redio. Grupu ya WhatsApp ya kijiji ao ya kanisa ni kilabu kile kile, tena imekwisha kujikusanya yenyewe. Redio tu njo haimo. Kizazi chetu kinaongea kwa kujibizana. Ukitutumia habari na usirudi kujibu ulizo, tunakuona sawa mwalimu anayetoka darasani mbele ya mwanafunzi kunyoosha mkono.

Najua redio nyingi za huku zinafanya kazi bila feza, hata mishahara ni shida. Lakini kukata dakika mbili kwenye emisiyo iliyokwisha kufanywa haiombe mashini mpya. Ianze na jina la redio, jina la mwandishi, mahali na tarehe. Tarehe ni ya lazima, ju audio haionyeshe umri wake. Wakati wa Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, kati ya 2018 na 2020, zaidi ya watu 2,200 walikufa, na uvumi ulikuwa unapita mkono kwa mkono. Onyo la wakati ule linaweza kurudi leo na watu wakakimbia bure.

Na sisemi redio ihame hewani. Tarehe 31 Desemba 2018, kiisha uchaguzi, intaneti ilikatwa inchini kwa siku karibu 20. Grupu zote zilinyamaza. Siku kama zile, redio ya baba njo inabaki kuongea. Tunahitaji zote mbili, zijuane.

Sisi wa lisansi pia tuko na sehemu yetu. Kwenye grupu za familia tunaandika Kifaransa ya université, ao tunatransfere audio bila kuuliza ni ya nani. Mutu akikutumia audio ya dawa ya migomba, muulize: nani anaongea, wapi, lini? Asipojua, usiipitishe. Kiisha chukua telefone, weka sauti yako mwenyewe, taja jina lako na tarehe, uelezee mzee namna ya kukata ule mgomba mmoja.