Istilahi za Tiba ya Sonona: Tafakuri, Umakini na Sugu

Istilahi ya tiba haipimwi kwa kamusi peke yake. Hupimwa pia kwa sikio la mgonjwa. Kwa kipimo hicho tunakusudia kuzikagua istilahi tatu zinazojitokeza katika tafsiri za maandishi ya afya ya akili.

Tiba inayohusika ilibuniwa na Segal, Williams na Teasdale, ambao kitabu chao kilitoka mwaka 2002. Huendeshwa kwa vikao vya kila juma, kwa majuma manane. Mgonjwa hufunzwa kuyaona mawazo yake yakija na kupita, bila kuyafuata wala kuyahukumu. Awali ilikusudiwa kuzuia sonona isiwarudie waliokwisha kupata nafuu. Baadaye ilijaribiwa kwa wale ambao dawa hazikuwafaa. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2016, watu 173 wa namna hiyo walishiriki huku wakiendelea na dawa zao. Waliopewa tiba hii walipungukiwa na dalili kuliko wenzao waliopewa mafunzo mengine ya afya.

Wako wafasiri waiitao “tiba ya tafakuri”. Kosa hili ni kubwa. Kutafakari ni kufikiri kwa kina, na kufikiri kusikokoma ndiko kunakomtesa mgonjwa. Mtu wa Mashewa, wilayani Korogwe, akisema “nina mawazo”, hajisifu kwa hekima, anaeleza dhiki. Washona wa Zimbabwe nao husema kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Kumwagiza mtu huyo atafakari ni kumpa haluli mwenye kuhara.

Wengine wamechagua “umakini”. Neno hili li karibu zaidi, kwani lina utulivu ndani yake. Hata hivyo, “kuwa makini” ni kauli ya mwalimu kwa mwanafunzi aliyekosea. Mwenye sonona amekwisha kujilaumu vya kutosha. Akiisikia kauli hiyo atadhani ameongezewa mtihani wa kushindwa.

La tatu ni “sonona sugu”, kwa maana ya ugonjwa ambao dawa mbili au zaidi, zilizotumiwa kwa kipimo na muda ufaao, hazikuuondoa. Lakini kisukari nacho huitwa ugonjwa sugu kwa kuwa hudumu, na mhalifu sugu ni yule asiyeonyeka. Neno moja limetwishwa mizigo mitatu, na wa mwisho humwangukia mgonjwa. Mwaka 2001 Tanzania ilipoacha klorokwini kuwa dawa ya kwanza ya malaria, usugu ulikuwa wa vimelea, si wa mtu. Tunapendekeza “sonona isiyosikia dawa”, ili lawama ibaki kwenye maradhi.

Kwa tiba yenyewe tunapendekeza “tiba ya utazamaji tulivu”. Aketiye barazani huwaona wapita njia bila kumwita kila mmoja wala kumfukuza. Hivyo ndivyo mgonjwa afunzwavyo kuyatazama mawazo. Twakiri kwamba “utazamaji” huelekea macho kuliko moyo, na huenda msomaji akapata lililo bora.

Jambo hili si la vitabuni tu. Katika wilaya hiyo hiyo ya Korogwe iko Hospitali ya Lutindi, iliyoanza kupokea wagonjwa wa akili tangu enzi za Wajerumani. Mfasiri na asiidhinishe istilahi kabla ya kuisema mbele ya wenye maradhi na wauguzi wao, na kusikiliza wanavyoielewa.