Rubani Hupigania Nini?

Vijana wa Naviundu wasikiapo eropleni ikishuka Luano, huinua macho. Baadhi yao wametuambia, baada ya mafundisho ya dini, kwamba wangependa kuwa marubani wa jeshi. Tukiwauliza sababu, hutaja mwendo wa kasi, mavazi na heshima. Hatuwacheki. Lakini tumeona vema kukipima pamoja nao kitabu cha rubani mmoja aliyeanzia safari yake katika nchi za Kiswahili.

Kitabu hicho ni Going Solo cha Roald Dahl, kilichotolewa mwaka 1986. Mwandishi alifika Dar es Salaam mwaka 1938, akafanya kazi katika kampani ya mafuta ya Shell na kujifunza Kiswahili. Vita ilipozuka mwaka 1939, akaenda Nairobi kujiandikisha katika jeshi la anga la Waingereza.

Sifa ya kwanza ya kitabu hiki ni lugha yake nyepesi isiyojivuna. Dahl atuonyesha furaha ya kijana arukaye juu ya mbuga za Kenya, akitazama wanyama chini yake. Wala gharama haifichi. Kwa hesabu yake mwenyewe, katika vijana 16 waliofundishwa pamoja Nairobi, 13 walikufa katika miaka miwili iliyofuata. Yeye mwenyewe alianguka na eropleni yake katika jangwa mwezi wa Septemba 1940, akavunjika fuvu la kichwa. Alipopona akapelekwa Ugiriki, ambako eropleni chache za Waingereza zilipambana na kundi kubwa la Wajerumani.

Basi, alisukumwa na nini? Tukisoma kwa makini, twaona mambo mawili: kupenda kuruka, na kutotaka kuwaacha wenzake. Yote mawili ni mema, lakini hayatoshi. Hata mwizi hupenda ustadi wake na hawaachi wenzake.

Upungufu huu waonekana katika kisa cha Mdisho, mtumishi wake wa Dar es Salaam. Vita ilipotangazwa, Mdisho alitwaa upanga uliotundikwa ukutani, akakimbia usiku, akamwua Mjerumani mwenye shamba la katani aliyejulikana kwa kuwapiga wafanyakazi wake. Akarudi kwa furaha, akidhani ametimiza kazi ya vita. Bwana wake akashtuka, akamwagiza anyamaze. Hata kama mwandishi amekipamba kisa hiki, hapo ndipo tunapomlaumu. Muda si mrefu yeye naye alikwenda kujifunza kuwaua Wajerumani, wala hatuelezi tofauti iko wapi. Tofauti ipo: yule alikuwa mtu aliye nyumbani kwake, wala hapakuwa na mwenye mamlaka aliyeagiza auawe. Lakini yapasa isemwe. Mwaka 1941, huko Palestina, Myahudi mkimbizi amweleza kwamba watu wake watafuta nchi yao, na rubani wetu haelewi maneno hayo. Alikwisha kuponea kifo mara nyingi, na bado hakujua vizuri ni nani aliyekuwa akiteswa katika vita hiyo.

Hata hivyo, ukurasa ulio bora kuliko yote u karibu na mwisho. Katika vita ya Syria, asubuhi ya Jumapili, waliushambulia uwanja wa Wafaransa wa serikali ya Vichy. Wakaona wasichana wenye nguo za rangi wamesimama kando ya eropleni. Marubani wakapita mara ya kwanza bila kufyatua risasi, wasichana wakakimbia, ndipo wakarudi kuziharibu eropleni. Kwetu sisi, kidole kilichongoja hapo chaeleza thamani ya mtu kuliko ushindi wote wa angani.

Sisi wa Katanga tunayo sababu ya kupima hivyo. Mwezi wa Septemba 1961, eropleni moja ya Fouga Magister ya jeshi la Katanga iliwashambulia askari wa Umoja wa Mataifa hapa mjini na huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Marubani wa jeshi hilo walikuwa wageni wa kuajiriwa. Ustadi hawakuukosa. Askari walipomwendea Yohane Mbatizaji, hakuwaagiza waache kazi yao. Aliwaonya wasimdhulumu mtu, tena watosheke na mshahara wao.

Tulipofika hapo, kijana mmoja akauliza: “Na mkubwa akiamuru nisingoje wasichana wakimbie?” Tulimjibu kwa mafundisho ya Mtaguso wa Vatikano wa Pili wa mwaka 1965: askari alindaye watu kwa haki hutumikia amani, lakini amri ya kuvunja sheria ya Mungu ni uovu, na utii wa kipofu haumwondolei hatia aitimizaye. Akanyamaza. Swali hilo Dahl hajiulizi. Afadhali kijana wetu alijibu angali chini, kwa maana juu angani nafasi ya kufikiri ni fupi.