Gari Dogo Lisome Kuanzia Buti

Muuza gari wa Kigoma atakufungulia boneti kabla hujamaliza kumsalimia. Injini imeoshwa, plastiki zimepakwa dawa ya kung'arisha, zinawaka. Mshukuru, kisha mwombe afungue buti.

Vitz au IST ilitengenezwa Japani impeleke mtu dukani na kumrudisha. Ikifika huku hupewa ajira nyingine: madumu ya mawese kutoka vijijini, magunia ya dagaa kutoka Kibirizi alfajiri, na abiria watano juu ya mzigo. Inua zulia la buti, toa tairi la akiba, pitisha kidole kwenye shimo lake. Mawese yaliyomwagika huacha doa la rangi ya chungwa ambalo sabuni hulifubaza tu. Dagaa huacha mchanga, na harufu ambayo marashi ya gari huizidishia ubaya. Mimi doa peke yake halinifukuzi, maana aliyebeba mawese kwa kiasi hakuiba. Linanituma tu kwenye springi. Gari likiwa tupu, rudi hatua kumi ulitazame kwa ubavu. Likiwa limekaa kitako, limebeba kupita kiasi. Likiwa limesimama wima mno, chuchumaa uangalie kama limenyanyuliwa kwa spesa, kisha pitisha kiganja kwenye matairi ya mbele. Yakiwa yamelika upande wa ndani, bushi zimechoka au kuna chuma kilichopinda. Tairi pia lina tarakimu nne zinazotaja umri wake: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata nzuri juu ya tairi lililokauka isikudanganye.

Kilomita za kwenye dashibodi siziamini sana, kwa sababu hurudishwa nyuma. Naitazama raba ya pedali ya breki na ukingo wa kiti cha dereva. Gari la kilomita 60,000 halina pedali iliyolainika kama kisigino.

Kutu ina hadithi yake. Ziwa Tanganyika ni maji baridi, hivyo gari la Ujiji haliliwi na chumvi kama la Unguja. Lakini kaskazini mwa Japani barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha theluji, na kutu hiyo hupanda meli pamoja na gari. Ingia chini na tochi. Ukikuta rangi nyeusi mbichi imepakwa tumbo zima, jiulize inafunika nini.

Kusikiliza injini ni kazi ya asubuhi. Weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, muuzaji ameiwasha kabla hujafika, nawe rudi kesho. Ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta: maji ya rangi ya udongo maana yake watu wamekuwa wakijaza ya bomba. Washa, utazame ile taa ya bluu ya baridi ambayo magari mengi ya aina hii huwa nayo badala ya mshale wa joto. Ikikawia mno kuzimika, huenda thamostati ilishang'olewa. Wapo mafundi ambao gari likichemsha hufanya hivyo badala ya kutafuta ugonjwa, na mwenye gari huona amepona.

Mji wetu unaujua utunzaji wa injini. Wajerumani walipoizamisha wenyewe hapa ziwani meli yao Graf von Götzen mwaka 1916, walizipaka kwanza mashine zake grisi nzito. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kwa hiyo muuzaji akikwambia injini imekufa kwa sababu ya uzee, muulize oili ilibadilishwa lini.

Sasa endesha, redio imezimwa na vioo vimefungwa. Anzia stesheni, panda barabara ya Lumumba hadi Mwanga ukiwa na watu wawili nyuma. Gia otomatiki ibadilike bila kukushtua wala kupiga kelele kabla ya kuvuta. Kama ni CVT, yaani otomatiki isiyo na hatua za gia, uliza iliwekwa oili gani, kwa sababu ikiwekwa isiyo yake huharibika. Teremka hadi Ujiji, iache lami, ingia vichochoro vya mchanga taratibu. Hapo shokapu na bushi zitajieleza zenyewe. Pata uwanja, kata usukani hadi mwisho, uzunguke kulia na kushoto. Mlio wa ka-ka-ka kutoka magurudumu ya mbele ni jointi zilizokwisha, na hiyo ni hoja ya kupunguza bei, si ya kukataa gari.

Mwisho, liegeshe juu ya boksi lililofunuliwa, mwende mkanywe chai. Mkirudi, soma boksi. Tone jeusi ni oili ya injini. Jekundu lisugue kwa vidole: likiteleza ni la gia boksi, likiwa jepesi na tamu puani ni la rejeta. Ukikuta maji meupe tu upande wa abiria, ni kiyoyozi kinatoa jasho. Kigoma ya mwezi wa tisa, hilo ndilo tone ninalolilipia bila kubishana.