Chupa ya bia inarudi, chupa ya maji inaishia Ruzizi

Mwanzoni mwa mwaka 2023, mashine moja kati ya nne za kituo cha umeme cha Ruzizi I ilisimama kwa sababu ya takataka. SNEL, shirika la umeme la taifa la Kongo, likapoteza megawati 6.3 katika kituo ambacho uwezo wake wote ni karibu megawati 30. Kwa Bukavu, mji ambao umeme huja kwa zamu hata siku za neema, pengo hilo lilionekana nyumba kwa nyumba. Wapiga mbizi walilazimika kushuka majini kusafisha mbele ya mitambo, maana uchafu haukuwa ukielea juu tu. Ulikuwa umerundikana hadi kina cha mita 14.

Picha za chupa na bidoni zilizofunika mto Ruzizi zilizunguka dunia. Tangu wakati huo, mazungumzo juu ya takataka za Bukavu huanzia pale bwawani na mengi huishia palepale: kizuizi cha kuelea, mashua ya kukusanyia, mashine ya kuchotea. Vyote vinahitajika, kwa sababu kituo hakiwezi kungoja. Lakini takataka ikishafika Ruzizi imelowa, imeshikamana na tope na magugu, na hakuna wa kuinunua. Siku chache kabla, ilipokuwa bado mlimani Kadutu, komini ya Bukavu, ilikuwa na bei. Basi tuifuate kurudi juu.

Kadutu imeng'ang'ania mteremko. Cimpunda, Nkafu, Mosala, Nyamugo: nyumba zimebanana paa kwa paa, na njia nyingi kati yake ni ngazi za udongo ambazo hata pikipiki haipandi. Gari la takataka, siku likija, linabaki barabarani. Mama mwenye ndoo iliyojaa, akiwa amebakiza saa moja kabla ya kwenda sokoni, ana shimo kama kiwanja chake kina nafasi, ana moto, au ana mfereji. Mvua ya hapa hunyesha miezi mingi ya mwaka, kwa hiyo mfereji ndio unaoshinda. Mfereji humwaga kwenye Kahuwa, Kahuwa humwaga Ziwa Kivu, na ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni Ruzizi. Komini za Ibanda na Bagira, kisiwa cha Idjwi na ukingo wa Rwanda vyote vinachangia katika maji hayo, lakini Kadutu ina mteremko mkali, watu wengi na soko kubwa, vyote mahali pamoja.

Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba mkazi wa Afrika kusini mwa Sahara hutoa wastani wa kilo 0.46 za takataka kwa siku. Kwa kila watu laki moja, hizo ni tani 46 kila jua linapotua. Katika nchi za kipato cha chini, ripoti hiyo inasema, asilimia 56 ya takataka ni mabaki ya chakula na majani, na plastiki ni asilimia 6.4 tu. Kwa hesabu hiyo, kati ya tani 46, karibu 26 ni maganda na mabua, na plastiki haifiki tani tatu. Tunaiona plastiki kwa sababu inaelea na haiozi. Mzigo wenyewe ni maganda ya mihogo, mikungu ya ndizi, mabua ya sombe na kabichi zilizooza.

Anayesema Bukavu haijui kurejeleza vitu hajasimama mbele ya depo ya bia. Chupa ya Primus ya sentilita 72 haitoki dukani bila chupa tupu kurudi. Mteja akifika, swali la kwanza ni: vidanji, yaani chupa tupu, iko wapi? Kama hana, analipia chupa pamoja na kinywaji, na siku akiirudisha anahesabiwa. Muuza duka naye hapewi kreti iliyojaa kabla hajatoa kreti tupu, na depo vivyo hivyo kwa kiwanda. Hakuna polisi anayesimamia jambo hili, na hakuna semina iliyofanywa. Mtoto wa miaka saba akiokota vidanji njiani anajua aipeleke wapi. Ndiyo maana ukitazama rundo lililokwama pale Ruzizi, chupa ya bia iliyo nzima ni adimu.

Chuma nacho kina njia yake. Pipa lililotoboka hukatwa, hukunjwa na kugongwa, likatoka mbabula ya kupikia kwa makala. Sufuria kuukuu za alumini huyeyushwa na kumiminwa upya. Bidoni ya mafuta ya kula ya lita 20, mafuta yakiisha, huchota maji miaka mingi, na ikipasuka huzibwa. Hata chupa ya plastiki ya lita moja na nusu ina maisha ya pili: hubeba mawese, maziwa, kasiksi (pombe ya ndizi), au petroli ya kadafi, mchuuzi wa mafuta wa pembeni ya barabara. Maganda ya viazi na majani hulisha dende (simbilisi) katika vibanda vya nyuma ya nyumba. Kazi hii yote haimo katika takwimu za mji, na nasikitika kila mradi mpya unapokuja kana kwamba unaanzia jangwani.

Kinachopotea, basi, ni kile kisichokuwa na mnunuzi wa karibu wala bei inayojulikana: chupa ndogo ya maji, sashe, viatu vya plastiki vilivyokatika, vifuniko. Na hapa kuna sababu za kiufundi ambazo wanaopanga miradi huziruka.

Chukua beseni la maji. Kata vipande vya chupa ya maji, vya kifuniko chake na vya sashe, uvitumbukize. Kifuniko na sashe vitaelea, kwa sababu ni plastiki nyepesi kuliko maji, aina za polietilini na polipropilini. Kipande cha chupa kitazama, kwa kuwa PET, plastiki yake, ni nzito kuliko maji kwa zaidi ya theluthi moja. Jaribio hilo linaeleza mita 14 za Ruzizi. Chupa iliyofungwa kifuniko huelea kwa hewa iliyo ndani. Iliyofunguka au kupasuka hujaa maji na tope, ikazama, ikapita chini ya kizuizi chochote cha kuelea utakachofunga. Sashe iliyojaa udongo nayo hushuka. Kizuizi cha juu hukamata kinachoonekana na kuacha kile kinachokwenda kuziba mitambo.

Beseni hilohilo ni mtambo wa kuchambulia. Plastiki zikichanganywa hazitoi kitu cha maana: polietilini huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi au pungufu, PET hungoja hadi karibu 250. Ukizitia pamoja kwenye chungu kimoja, moja inaungua wakati nyingine bado ngumu, moshi unamwingia fundi mapafuni, na tofali linalotoka linavunjika. Karakana yenye mabeseni mawili ya maji, kisu na mikono miwili inaweza kutenganisha vizuri kabla moto haujawashwa. Anayetaka kutengeneza matofali ya njia kwa mchanga na plastiki atumie sashe na mifuko peke yake, ayeyushe mahali pa wazi, na asiguse mabomba wala ngozi bandia za PVC, ambazo hutoa mvuke wa asidi.

Tatizo jingine ni uzito. Chupa ya nusu lita ina gramu kati ya 10 na 20. Ili mtu apate kilo moja anahitaji chupa hamsini hadi mia, mzigo unaojaza gunia bila kulemea mgongo. Mama anayebeba mizigo Kadutu kwa kamba ya paji la uso hulipwa kwa mzigo, kwa hiyo kubeba hewa hakumpi kitu. Mashine ya kukandamiza inayosukumwa kwa jeki ya gari, ikiwekwa juu sokoni badala ya chini ziwani, ingebadilisha hesabu hiyo. Gunia linalobeba chupa zilizobanwa ni mzigo wa kweli, na mzigo wa kweli unalipwa.

Plastycor, karakana ya Bukavu inayofuma vikapu, vigoda na vyungu vya maua kwa plastiki iliyookolewa ziwani, imeonyesha kwamba kitu kizuri kinaweza kutoka katika uchafu huu. Naiheshimu kazi hiyo. Lakini vikapu vina kikomo cha wanunuzi, na malighafi ya kuopoa ziwani ndiyo chafu na ghali kuliko zote kuisafisha. Karakana kama hiyo ikiletewa chupa kavu kutoka sokoni ingetoa kazi zaidi kwa jasho lilelile.

Sheria ipo. Amri ya tarehe 30 Desemba 2017 ilipiga marufuku Kongo nzima kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na sashe za plastiki. Ng'ambo ya mto, Rwanda ilianza mwaka 2008 na kuisimamia hadi mipakani. Kenya ilifuata Agosti 2017, Tanzania Juni 2019. Hapa kwetu sashe bado inafungia sukari, chumvi, unga na samaki wa sambaza. Maskini hununua kidogo kidogo, kijiko cha mafuta leo, kikombe cha unga kesho, na kila kipimo kinahitaji kifungio chake. Marufuku isiyompa muuza unga kitu kingine cha kufungia kwa bei ileile itaendelea kuvunjwa na watu waaminifu kabisa. Waruhusiwe kupima kwenye chombo cha mteja, na vifungio vya karatasi na majani ya migomba vipewe soko.

Nafasi kubwa iko kwenye maganda. Lori linaloshusha mihogo na ndizi kutoka Walungu au Kabare hurudi tupu kwenye mashamba yaliyochoka. Mabaki ya soko yakitengwa asubuhi, kabla plastiki haijaingia, yanaweza kurundikwa, kugeuzwa na kuachwa yapate joto la nyuzi 55 au zaidi kwa siku kadhaa ili vijidudu vife, kisha yarudi shambani kama mboji kwa lori lilelile. Faida yake haiishii kwenye mboji. Maganda ndiyo yanayolowesha na kunuka. Yakiondoka, takataka iliyobaki ni kavu, nyepesi, na inaweza kushikwa na mikono bila kinyaa. Miji mingi huanza na plastiki kwa sababu inapendeza kwenye picha, halafu inashangaa kwa nini wachambuzi wanakimbia baada ya mwezi.

Halafu vidanji ya chupa ya maji. Ujerumani iliweka amana ya senti 25 za yuro kwa chupa za kutumika mara moja mwaka 2003, na zaidi ya asilimia 90 hurudi. Bukavu haihitaji kwenda Ujerumani kujifunza, kwa sababu depo zake za bia zinajua kila hatua. Kiasi kidogo cha faranga kiongezwe kwenye bei kiwandani au mpakani, duka lirudishe, depo ihesabu, chupa zikandamizwe. Februari 2025 mji uliingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23, benki zikafunga, na mipango ya bajeti kubwa ikakosa pa kushika. Mfumo wa vidanji unakwenda kwa fedha ndogo zinazopita mkono kwa mkono, kati ya watu wanaofahamiana.

Ombi langu ni kwa wenye depo za vinywaji na kamati ya soko la Kadutu, kabla ya ofisi yoyote. Chagueni aina moja ya chupa, wekeni bei ya kurudisha ubaoni, na tengeni sehemu moja ya soko kwa maganda peke yake. Mjaribu msimu mmoja wa mvua, mpime magunia, kisha SNEL waambie kilichopungua mbele ya mitambo yao.