Hukumu ya Watazamaji wa Sinema

Imekuwa desturi ya muda mrefu katika nchi yetu kumwona mpenzi wa sinema kuwa ni mtu aliyepotewa na wakati. Wazazi humgombeza, walimu humtilia shaka, na sisi tulio katika utumishi wa umma tumeandika kumbukumbu nyingi za vikao ambamo neno sinema halikutajwa ila liliandamana na neno athari. Katika makala haya nakusudia kumtetea mtu huyo, na wala simtetei kwa huruma. Namtetea kwa kuwa naamini ya kwamba hukumu alizozitoa juu ya picha alizoonyeshwa, kwa muda unaokaribia miaka mia moja, zimekuwa sahihi mara nyingi kuliko hukumu za wale waliojipa kazi ya kumfundisha.

Yafaa tuanzie Vugiri, katika milima ya Usambara. Hapo ndipo palipokuwa na makao ya jaribio la Waingereza la kutengeneza filamu za mafunzo kwa Waafrika, jaribio lililofanyika kati ya mwaka 1935 na 1937 chini ya Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham. Filamu zao zilihusu kilimo, afya na mambo mengine ya manufaa. Hakuna ubaya katika kumfundisha mkulima juu ya udongo wake. Ubaya ulikuwa katika fikira iliyoshikwa na wengi wa watawala wa zama hizo, kwamba Mwafrika hana akili ya kufuata picha zinazokwenda mbio, na kwa hiyo apewe visa vyepesi, vya polepole, visivyo na mapindu. Basi hebu msomaji alinganishe: wakati maneno hayo yakiandikwa, mji wa Zanzibar ulikuwa na jumba la Royal tangu mwaka 1921, na wenyeji wake walikuwa wamekwisha zoea kutazama picha ndefu kutoka Ulaya, Marekani, Bara Hindi na Misri, wakizijadili barazani hadi usiku wa manane. Waliodhaniwa hawawezi kufuata kisa walikuwa wakibishana juu ya visa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili zikaja filamu za Kiswahili zilizochezwa na watu wetu. Mashuhuri miongoni mwao ni Muhogo Mchungu, ya mwanzo wa miaka ya 1950, ambayo mchezaji wake mkuu alikuwa kijana Rashidi Mfaume Kawawa, huyo huyo aliyekuja kuwa Waziri Mkuu. Mtu wa shamba afika mjini, akutana na matapeli, apata aibu na hasara. Watazamaji walifurahi kuisikia lugha yao na kuziona sura zao, na furaha hiyo ilikuwa halali. Kisha, katika miaka ya 1970, Kampuni ya Filamu Tanzania iliyoundwa mwaka 1968 ikatupa Fimbo ya Mnyonge, ambamo mtu wa shamba atoka kwenda kutafuta maisha mema, mji wamshinda, naye aupata uzima katika kijiji cha ujamaa. Kusudi la filamu ya pili lilikuwa la taifa huru, na mimi siwezi kulilinganisha na kusudi la mkoloni. Hata hivyo mhakiki hana budi kusema aonalo: umbo la kisa ni lile lile. Mtu wa shamba yu mjinga, mji una mitego, na jibu limekwisha andikwa kabla mhusika hajafungua kinywa. Mhusika wa namna hiyo hachagui, husukumwa. Nasi tunaotunga mashairi twalijua jambo hili vizuri, maana tumesoma, na pengine tumetunga, tenzi nyingi za namna hiyo.

Sasa natuitazame picha ambayo watu waliipenda bila kuagizwa. Awaara, ya Raj Kapoor, ilitoka mwaka 1951, na kwa miaka mingi ilikuwa ikirudishwa tena na tena katika majumba ya sinema ya Zanzibar, Dar es Salaam na miji mingine ya pwani. Wako wanaodai kwamba watu walifuata nyimbo tu. Nyimbo zilivuta watu, ndiyo, na mafundi wetu wa taarabu walichukua mahadhi mengi kutoka picha za Kihindi. Lakini tukiangalie kisa chenyewe. Jaji mmoja amfukuza mkewe mja mzito kwa kumshuku, kwa kuwa aliwahi kutekwa na jambazi. Jaji huyo huamini kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi. Jambazi naye, kwa kulipiza kisasi, amlea katika wizi mtoto wa jaji mwenyewe, ili fikira ile igeuke imuumbue aliyeitoa. Mwishoni mtoto asimama kizimbani, na baba aliyemkana yumo mahakamani.

Mtazamaji wa Kiswahili hakuhitaji mkalimani wa kumweleza ugomvi huo. Lugha yake ilikuwa imekwisha uhifadhi katika methali mbili zisizopatana: moja yasema mtoto wa nyoka ni nyoka, na ya pili yasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Watu wazima walikuwa wakizitumia zote mbili, kila moja kwa wakati wake, bila kuona kwamba zapingana. Awaara iliziweka zote mbili kizimbani kwa muda unaokaribia saa tatu. Maneno nayo hayakuwa mageni yote. Dunia, wakati, kitabu, habari, hukumu: maneno hayo yamo katika Kihindi na Kiurdu kama yalivyo kwetu, kwa kuwa sote tulikopa kutoka Kiarabu. Na pale yalipokatika, jirani mwenye kujua alinong'ona, na safu nzima ikapata.

Mother India, ya Mehboob Khan, ya mwaka 1957, yathibitisha hoja yangu kwa njia nyingine, na ningependa walimu waikazie macho. Hii ni picha yenye ujumbe wa maendeleo ulio wazi kabisa: yaanza na mfereji mpya wa maji kijijini, na mama mzee Radha anaombwa aufungue. Kamati yoyote ya utamaduni ingeipitisha. Lakini kabla ya kuufikia mfereji huo twaonyeshwa gharama. Mume wa Radha aponzwa na jiwe, apoteza mikono yake, na kwa aibu awakimbia wanawe. Mafuriko yaja. Mkopeshaji Sukhilala amtaka Radha mwili wake kwa bei ya chakula. Mwana mpendwa, Birju, ageuka jambazi, amuua mkopeshaji, kisha amteka binti yake siku ya arusi, na hapo mama achukua bunduki na kumpiga mwanawe risasi, kwa kuwa heshima ya binti wa kijiji ni heshima ya wote. Nimewasikia akina mama wa makamo wakijadili kitendo hicho miaka mingi baada ya kuitazama picha, hawajakubaliana bado kama alifanya sawa. Filamu yenye mafunzo yaweza kupendwa, basi, iwapo mwenye kufundishwa ameachwa akatae. Radha angeweza kukataa. Yule mtu wa shamba katika filamu zetu hakupewa nafasi hiyo.

Majumba yenyewe yalisaidia hukumu hii kukomaa. Avalon, Empire, Empress, Odeon na mengineyo ya Dar es Salaam. Majestic ya Zanzibar, iliyojengwa miaka ya 1950 mahali pa Royal iliyoungua. Na uwanja wa kutazamia sinema ndani ya magari uliofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1966: humo watu walikaa pamoja, wa rangi na dini mbalimbali, ingawa si kwa bei moja ya kiti. Zanzibar palikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao. Tiketi za Jumapili ziliisha mapema na walanguzi wakapata riziki yao nje ya mlango. Kuliko yote, palikuwa na sauti. Mtazamaji alimwonya stelingi kwamba adui yu nyuma ya mlango, alizomea uongo, alipiga makofi kwa jibu zuri. Video ilipoingia katika miaka ya 1980 na nakala zikazagaa, majumba yakaanza kufungwa, mengi yakawa maghala, maduka au nyumba za ibada. Mimi niliwahi yale ya mwisho mwisho, viti vimepasuka na riili zimechakaa, na bado kelele za watazamaji zilikuwa na akili.

Sauti ile haikufa, ilihamia vibandani. Katika miaka ya 1990 Dar es Salaam ilimjua mtafsiri aliyeitwa Lufufu, naye akafuatwa na wengine wengi. Kazi yao ni kuweka sauti ya Kiswahili juu ya picha ya kigeni, huku wakieleza, wakitania, wakikemea. Wasomi wetu wengi wamewadharau, na yapo ya kulaumiwa: haki ya mwenye filamu haikuulizwa, na tafsiri mara nyingine yaachana kabisa na maneno ya asili. Pamoja na hayo, mtu awezaye kumweleza mkazi wa Manzese tabia ya jambazi wa Hong Kong kwa methali moja na tusi nusu, bila kupitwa na picha, anafanya kazi ya msimulizi wa ngano kama tuliyoijua jikoni kwa bibi. Nashangaa kwamba tunafundisha fasihi simulizi madarasani kama kitu cha makumbusho, na huku kinasikika nje ya dirisha la shule kila jioni.

Juu ya filamu za video za Kiswahili zilizochanua baada ya Girlfriend ya mwaka 2003 nitasema machache. Ziliwapa watu sura zao tena, na msiba wa Steven Kanumba mwezi wa Aprili 2012 ulionyesha jinsi wananchi walivyompenda mchezaji wao. Lakini wapenzi hao hao ndio waliokuwa wa kwanza kulalamika: kisa cha saa moja kimekatwa sehemu mbili ili kiuzwe mara mbili, gari linaegeshwa kwa dakika nzima, muziki unafunika maneno, na jina la filamu ni la Kiingereza hali wahusika ni wa Sinza. Malalamiko hayo niliyasikia kwa wauza mitumba kabla sijayasikia kwa mhakiki yeyote. Wanunuzi walipopuuzwa waliacha kununua, na ile hukumu ikawa imetekelezwa.

Mwaka 2021 Amil Shivji alitoa Vuta N'kuvute, kutoka riwaya ya Adam Shafi inayojulikana sana na wanafunzi wetu wa sekondari. Baadhi ya walimu wameniambia kwamba filamu imeacha mengi ya kitabu. Ni kweli, na ingekuwa ajabu isipoyaacha. Hoja yangu ni kwamba Yasmin wa filamu aonekana akiamua: atoka katika ndoa aliyoozwa, aingia katika mapenzi na siasa, na macho yake yapima hasara kabla miguu haijakwenda. Mwalimu akitaka kuanza somo la uhakiki wa filamu, awaonyeshe wanafunzi nusu saa tu ya picha hiyo bila kuwapa maelezo, kisha asimamishe, aulize ni wakati gani Yasmin angeweza kurudi nyuma, na kwa nini hakurudi. Awaache wabishane kwa sauti. Na yule mwanafunzi wa safu ya nyuma aliyepigiwa kelele kwa kushinda vibandani, huyo ndiye aulizwe wa kwanza.