Kadi Mfukoni mwa Jenerali

Kadi yenyewe ni ya inchi 3 kwa 5, karatasi ngumu inayoingia kwenye mfuko wa shati bila kukunjwa. Haina nafasi ya salamu ndefu, wala ya utangulizi, wala ya maneno ya kujikinga na lawama. Ukianza kuzungukazunguka, inakwisha kabla hujaitaja shida yako. Basi unaandika moja kwa moja: malori 4 yamekwama, vipuri vya breki hakuna, tunavihitaji kesho asubuhi. Unaweka jina na kikosi, unaikabidhi.

Wakati wa vita vya Ghuba vya 1990 hadi 1991, jenerali wa Marekani William Pagonis, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Gus, alisimamia ugavi wa jeshi la zaidi ya watu nusu milioni huko Saudi Arabia, na kadi za namna hiyo zilikuwa miongoni mwa zana zake kuu. Askari wa cheo chochote aliweza kuandika. Kadi ilipanda ngazi kwa ngazi, na popote ilipomkuta mtu mwenye jibu, huyo alijibu na kuirudisha ilikotoka. Iliyokosa jibu njiani ndiyo iliyofika kwa jenerali. Hakuna mkubwa aliyerukwa, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kununa. Wala haikuwa rahisi kuikalia, maana aliyeiandika alikuwa anangoja. Jenerali alijua ya chini bila kuzikwa na karatasi, na wakubwa wa kati walibaki na kazi yao.

Mimi ni mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, na vitabu vinavyofananisha biashara na vita nimesoma vingi. Vingi vinapenda sehemu ya kelele: kuteka soko, kumzunguka mshindani, kumpiga pale alipo dhaifu. Sivikatai. Ila kadiri ninavyozeeka katika kazi hii ndivyo ninavyoona kwamba fundi wa kweli wa mkakati anajulikana kwa namna anavyohesabu mizigo. Yule anayechora mshale mwekundu kwenye ramani amefanya sehemu rahisi. Aliyekwisha kuhesabu ni magari mangapi yatapita juu ya mshale huo, yakibeba nini na kula nini, huyo ndiye namvulia kofia.

Hata Sun Tzu, yule Mchina wa kale ambaye watu humwendea kutafuta hila za vita, anakianza kitabu chake kwa namna inayowapita wengi. Sura ya pili ni ya gharama. Kabla vita havijapiganwa, anapanga mbele ya msomaji magari elfu ya kivita, mengine elfu ya mizigo, askari laki moja, chakula cha kusafirishwa mbali sana na nyumbani, na fedha inayotoka kila siku. Anataja mpaka gundi na rangi. Nilipoyafikia maneno hayo kwa mara ya kwanza nilikifunga kitabu nikakaa kimya. Mtu aliyekumbuka gundi alishawahi kuliona gari la mizigo likiachana mbao katikati ya safari.

Mwanahistoria Donald Engels alifanya hesabu ya aina hiyo kwa jeshi la Aleksanda Mkuu katika kitabu alichokitoa 1978. Farasi wa mizigo, kwa hesabu yake, anahitaji karibu kilo 4.5 za nafaka kwa siku, na kama njia haina majani, kiasi kama hicho tena cha malisho makavu. Sasa mbebeshe kilo 90. Siku ya 10 mzigo wote umeishia tumboni mwake, na aliyekuwa akimsubiri mbele hakupata hata punje. Bado hujagusa maji, ambayo ni mazito kuliko vyote. Ndiyo maana Filipo, babake Aleksanda, alipiga marufuku magari ya kukokotwa katika jeshi lake na kupunguza watumishi mpaka mmoja kwa askari 10 wa miguu. Askari wakabeba vitu vyao wenyewe. Tunausifu ushujaa wa Aleksanda na kasi yake ya kutisha, lakini kasi ile ilitengenezwa na baba, alipokataa kulisha midomo isiyopigana.

Hilo la farasi anayekula mzigo wake nilijifunza kwa fedha zangu kabla sijalisoma. Niliahidi kupeleka mifuko 1,200 ya saruji kutoka Tanga mpaka kijiji kimoja cha milima ya Lushoto ndani ya wiki moja. Bei niliipigia hesabu vizuri, na faida ilikuwepo. Kitu nilichosahau kukihesabu ni lori. Lori langu lilikuwa moja, la tani 10, yaani mifuko 200 kwa safari. Safari moja, ukijumlisha kupakia, kupanda mlima na kushusha, ilikula siku 2. Safari 6, siku 12. Hesabu ya mtoto wa shule ya msingi, nami sikuifanya mpaka mteja aliponipigia simu siku ya 8. Nikakodi malori mengine, na dizeli pamoja na kodi vikaila faida yote, kama farasi wa Engels. Tangu hapo, mtu akinieleza mpango wa biashara, swali langu la kwanza ni moja: nani anabeba, na anabeba kiasi gani kwa siku?

Swali hilo ndilo lililomkabili Pagonis. Iraki iliivamia Kuwait tarehe 2 Agosti 1990. Tarehe 8 Pagonis alikuwa ameshafika Dhahran, Saudi Arabia, na kundi dogo la maofisa. Wapiganaji walikuwa wanamiminika kwa ndege, kwa sababu waliotakiwa kwanza ni wa kulinda mpaka, na huduma zao zilikuwa bado nyuma baharini. Watu wale wachache wakaingia mitaani kufanya kazi ambayo mfanyabiashara yeyote wa pwani yetu angeitambua: kutafuta wenye malori na mabasi ya kukodi, kununua mahema yale ya Waarabu wa jangwani, kutafuta maji, chakula na vyoo, kupatana bei. Kanuni ya kale ya kijeshi inasema tumia kilichopo karibu kabla ya kuagiza cha mbali. Pagonis aliitimiza kwa mikataba ya kukodi.

Mambo hayakwenda sawa yote, na mimi nawaheshimu zaidi kwa namna walivyokabiliana na kilichoharibika. Makontena kiasi cha 40,000 yalifika, na zaidi ya nusu ilibidi yafunguliwe kwa mkono ili kujua yamebeba nini. Fikiria ukiwa chini ya jua la bandari ya Dammam, makontena yamepangwa mpaka macho hayafiki, na katika mojawapo mna kipuri ambacho kifaru kinakingoja. Karatasi zimepotea, au zimeandikwa kwa namna isiyoeleweka. Unavunja lakiri, unachungulia, unafunga, unahamia la pili. Aliyewahi kuhangaika bandarini akitafuta mzigo wake kwa nakala iliyofifia analijua joto hilo. Somo hilo halikusahaulika. Miaka iliyofuata jeshi la Marekani liliwekeza katika vibandiko vya mawimbi ya redio vinavyotangaza kilichomo ndani ya kontena bila kulifungua, na ilipofika 2003, Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo na kampuni ya maduka ya Walmart, kila mmoja kwa upande wake, walikuwa wanawataka wauzaji wao watumie teknolojia hiyo. Jeshi na duka walikutana kwenye kibandiko.

Kisha ikaja kazi iliyomjengea Pagonis jina. Jenerali Schwarzkopf, kamanda mkuu, aliamua kwamba badala ya kugonga Kuwait uso kwa uso, sehemu kubwa ya jeshi ihamie magharibi jangwani, mamia ya kilomita, izunguke na kumtokea adui ubavuni. Mbinu hiyo ni ya kale, na kila kitabu cha mkakati wa biashara kinaitaja. Ugumu ulikuwa kwamba kabla ya mashambulizi ya anga kuanza tarehe 17 Januari 1991, huwezi kuhama, kwa sababu adui angeona. Baada ya hapo una wiki chache tu. Na barabara kuu ya kuelekea huko ni ile inayofuata bomba la mafuta la zamani, njia mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi.

Alipouwasilisha mpango wake, Pagonis alichukua kalamu akaweka sahihi kwenye chati. Hapo ndipo ninaposimama kila mara. Kwetu tunasema mipango si matumizi, na mara nyingi tunaisema baada ya mambo kuharibika, kama kisingizio. Mtu yule aliweka jina lake chini ya tarehe kwa sababu alikwisha kuigeuza mipango kuwa matumizi: idadi ya malori, saa za kuendesha, mahali pa kujaza mafuta, nani analala wapi. Sahihi ilikuwa hesabu iliyokamilika.

Akafanya jambo linalomshangaza asiyejua kazi hii. Bohari zilijengwa jangwani mbele, karibu na mpaka, chakula na mafuta na risasi vikirundikwa mahali ambapo wapiganaji wenyewe walikuwa bado hawajafika. Clausewitz, yule Mprusi ambaye kitabu chake kikubwa kilichapishwa na mjane wake kuanzia 1832, ameeleza kwamba kila shambulizi lina mahali linapofika kilele, na likivuka hapo nguvu zake zinamgeukia mwenyewe. Wahenga wetu walilisema kwa maneno machache zaidi: mbio za sakafuni huishia ukingoni. Zile bohari za jangwani ziliusogeza ukingo ukawa mbali. Mapigano ya ardhini yalianza tarehe 24 Februari na kusimamishwa baada ya saa 100, na jeshi halikusimama kwa njaa wala kwa kukosa mafuta.

Mpaka kazi yote inakwisha walikuwa wamegawa milo milioni 122, wamepampu galoni bilioni 1.3 za mafuta, na magari yamekwenda zaidi ya kilomita milioni 80. Tarakimu hizo ni kubwa mno kwa akili yangu, kwa hiyo huzishusha mpaka kwenye magari ya baga. Timu ya Pagonis ilituma magari ya kupikia mpaka kwa askari waliokaa wiki nyingi mchangani wakila vya pakiti, wakapata baga ya moto na soda baridi. Magari yale yaliitwa Wolfmobile, kwa jina la ofisa aliyeyasimamia. Katika lahajedwali ya mhasibu, baga haina safu yake. Mpangaji aliyeikumbuka alijua kwamba mwisho wa kila mnyororo wa ugavi kuna mtu aliyechoka.

Na kila asubuhi kulikuwa na mkutano wa kusimama. Viti hakuna. Kila idara inasema kilichotokea tangu jana, kinachokwama, na anayehitaji msaada anamtazama mwenye nao usoni. Miguu ndiyo inayolinda muda. Mambo ya kujadiliwa kwa kina yana kikao chake cha jioni, watu wakiwa wameketi. Nimeuiga mkutano huo boharini kwetu: watu 9, dakika 15, karibu na mizani. Dereva aliyekuwa hasemi kitu kwenye vikao vya ofisini sasa ndiye wa kwanza kusema daraja gani limekatika.

Pagonis alistaafu jeshi 1993 akaajiriwa na Sears, kampuni kubwa ya maduka ya Marekani, kusimamia ugavi wake, na kadi zake akaenda nazo, pamoja na mkutano wa kusimama. Jokofu la kumfikishia mteja nyumbani halina tofauti kubwa na kreti ya risasi: lina uzito, lina tarehe, lina mtu anayelingoja. Sears iliomba kinga ya kufilisika Oktoba 2018, miaka mingi baada ya yeye kuondoka, na kuna watakaosema hilo linaonyesha ugavi hausaidii. Mimi sikubaliani nao. Ugavi mzuri unakufikisha ulikochagua kwenda. Kuchagua ni kazi ya wengine, na wakichagua vibaya malori yatawafikisha huko huko kwa wakati.

Kuna sehemu moja ya kazi yake ambayo vitabu vya biashara huipita haraka, nami naipenda kuliko zote. Kazi nzima aliigawa awamu tatu: kuingia, kusogea na kurudi nyumbani. Ya tatu aliifanya kwa moyo uleule wa ile ya kwanza. Sisi wafanyabiashara hupanga kufungua tawi mpaka rangi ya kibao, lakini nani hupanga namna ya kulifunga, rafu ziuzwe kwa nani, wafanyakazi walipwe lini, mzigo uliobaki uende wapi? Vita vilipokwisha na wapiganaji kuanza kupanda ndege, Pagonis alibaki miezi mingi na watu wake, wakihesabu upya risasi zilizosalia na kupanga makontena, safari hii wakiandika vizuri yamebeba nini. Marekani hairuhusu udongo wa nchi nyingine uingie na wadudu wake, kwa hiyo kila gari lilitakiwa kuwa safi. Bandarini wakatengeneza sehemu za kuoshea. Vifaru vilivyotoka vitani vikaingia foleni, kimoja baada ya kingine, askari wakaelekeza mipira ya maji katikati ya minyororo, mchanga ukashuka, wakarudia tena pale ulipong'ang'ania, mpaka mkaguzi aliporidhika na kuita kinachofuata.