Fomu nzuri, lakini ina jicho moja

Kaa kwenye benchi la kusubiri, kliniki yoyote ya afya ya akili hapa Mbeya. Utaona mtu anatafunatafuna na mdomoni hana kitu. Mwingine ulimi unatoka na kurudi. Watu husema "ndo ugonjwa wake huo". Mara nyingi ni dawa: haloperidoli, klopromazini au sindano ya flufenazini, dawa za zamani tunazozitegemea kwa kuwa bei yake ni nafuu.

Kipimo kinachofahamika zaidi ni AIMS, kilichotoka Marekani mwaka 1976. Nakipenda kwa sababu hakihitaji mashine, ni kiti na macho yako tu. Mgonjwa avue viatu na soksi (Juni ya Mbeya hiyo, kazi kwelikweli), atoe ulimi, agusanishe kidole gumba na vingine haraka haraka, asimame, atembee. Kila sehemu unaipa alama 0 hadi 4. Hata meno yanaulizwa, maana jino bovu nalo hutafunisha mtu. Hapo waliotunga walifikiri.

Shida ni kwamba tukishaijaza tunaona tumemaliza. AIMS inalenga hasa miondoko inayokuja taratibu, baada ya miezi au miaka ya dawa. Shingo inayopinda ghafla siku chache baada ya kuanza haloperidoli siyo shabaha yake. Nyumbani watasema pepopunda, au mapepo. Na kubwa zaidi ni akathisia: mtu hatulii, anakanyagakanyaga, ndani kunachemka. AIMS inamuuliza kama anaona mdomo, uso, mikono au miguu ikicheza. Anavyojisikia ndani haimuulizi. Kipimo cha Barnes cha 1989 kinauliza, tena kinamtazama angalau dakika mbili akiwa amekaa na mbili amesimama.

Kwa nini naling'ang'ania hili? Kwa sababu asiyetulia huonekana ugonjwa umepanda. Anaongezewa dozi, anazidi kuhangaika, anaongezewa tena. Na "mpe tu bensheksoli" siyo jibu la kila kitu: shingo iliyopinda huilegeza, ila kule kutafunatafuna inaweza kukuzidisha.

Ndugu unayemsindikiza mgonjwa, msiache dawa wenyewe. Mwambie daktari miondoko ilianza lini, na dawa ilibadilishwa lini. Mimi nyuma ya karatasi ya AIMS ningeandika swali moja kwa kalamu: "Ukikaa, ndani unajisikiaje?"